Faili za Mama Hazitoi Sauti

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Kabla hata ya salamu, nikiri jambo nililokuficha tangu Desemba: Windows haipo tena kwenye kompyuta yangu. Nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe na kuweka Linux, ile uliyonitumia kwenye flashi na kuifungia kikaratasi cha wino mwekundu: “Mjomba, usiguse mpaka nikupe maelekezo.” Niliigusa.

Sasa salamu. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kusema hivyo bila kuchekwa. Miguu imevimba, moyo unapiga unapojisikia. Muuguzi huja Jumanne na Ijumaa, ananisemesha kama mtoto aliyekojoa kitandani. Binamu yako dereva alipita na lori lake, akala, akalala, akaondoka, akasahau kofia. Jirani yangu mshonaji bado anashona hadi usiku na ukuta wangu unatetemeka naye.

Utauliza kwa nini sikusubiri. Nilichoka, mpwa wangu. Kila asubuhi nikiwasha kompyuta ilinikumbusha kwamba toleo langu limezeeka na kwamba mashine yangu haifai kupokea jipya. Mtu aliyefika nilipofika hahitaji kuamshwa na chombo kinachomwambia kwamba muda wake wa kuhudumiwa umekwisha. Muuguzi naye huniambia hayo hayo, lakini yeye angalau hunipima presha kwanza.

Basi nikachomeka flashi. Linux ikaniuliza kama nina hakika nataka kufuta diski yote. Nikabonyeza ndiyo. Ikaniuliza tena kama nina hakika kweli. Miaka yote niliyokaa kwenye kiti cha hakimu, hakuna mtu aliyethubutu kuniuliza mara mbili.

Na tangu siku hiyo sina amani. Modemu haiitambui, ndiyo maana hujapata barua pepe yangu hata moja, na ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi na stempu kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Printa inachapa nusu ya ukurasa halafu inatafakari. Na hili la neno la siri! Kuingia, neno la siri. Kuongeza programu, neno la siri. Kubadilisha saa, neno la siri. Naishi peke yangu nyumba nzima. Ninamficha nani?

Usiogope lakini. Mimi si mjinga kiasi hicho. Folda ya mama yako niliinakili kwenye diski ya nje kabla sijagusa chochote, na baadaye nikairudisha. Ipo.

Nieleze namna ya kuifanya modemu ikubali kazi. Kwa barua tafadhali, si kwa simu. Unajua ninavyoichukia simu.

Mjomba wako


Tarehe 27 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Baba watoto yuko zamu ya usiku, tunaonana mlangoni yeye akiingia mimi nikitoka. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akisema “sasa” anapiga mluzi. Kazini ni yale yale: kompyuta za hospitali nzima ziko mikononi mwangu, na madaktari huzimwagia chai halafu wananiapia kwamba ni kirusi.

Mjomba, kwa kweli! Wino mwekundu niliutumia kwa ajili yako peke yako. Desemba yote na Januari yote nilidhani umenuna. Nimepiga simu mara ngapi sijui, inaita tu. Nimetuma ujumbe, kimya. Nilifikia hatua ya kumuuliza binamu dereva kama bado uko hai, akanijibu, “Yupo, ana hasira.” Ndipo nikalala.

Kuhusu modemu, igeuze, chini yake kuna namba na herufi. Zinakili zote uniandikie. Huenda ni ya zamani mno na Linux haina programu ya kuongea nayo. Ikiwa ni hivyo nitakutumia nyingine. Kubadilisha saa bila neno la siri sikufundishi, maana najua utaiharibu.

Sasa nina ombi, na hili ndilo limenifanya nikae chini kuandika hata kabla sijavua viatu.

Wiki iliyopita mwanangu aliniuliza, “Bibi alikuwa anaongeaje?” Nikacheka, nikafungua mdomo nimwigize Mama. Ikatoka sauti yangu. Nikajaribu tena, ikatoka ya mtangazaji mmoja wa redio. Mjomba, nimeanza kuisahau. Uso wake ninao, mikono yake ninayo, lakini sauti inaniponyoka.

Ulipoteseka naye miezi ile ya mwisho hapo kwako, mimi nilikuwa huku ugenini nimekwama, vibali vyangu vya kusafiri viko ofisini kwa watu. Uliniambia kila alasiri anakaa mbele ya kompyuta anazungumza nami, nawe unamrekodi. Alipofariki ukataka kunitumia, nikakukataza. Nilisema sitaweza kusikiliza. Sasa naweza. Sasa ndiyo nataka.

Ziweke kwenye flashi ile ile, uitie kwenye bahasha, uitume. Usisubiri modemu.

Mpwa wako


Tarehe 20 Machi

Mpwa wangu,

Tumshukuru Mungu kwa meno ya mtoto. Mwambie mluzi ni elimu, asiuache. Mimi nimepandishiwa dawa ya kupunguza maji mwilini, kwa hiyo maisha yangu sasa ni safari kati ya kiti na choo. Muuguzi anasema ni mazoezi mazuri.

Namba za modemu nimezinakili nyuma ya karatasi hii. Zimeandikwa ndogo kama mayai ya chawa. Muuguzi alinisomea huku akinyoosha kidole, na nina shaka na ile herufi ya tatu.

Nakwambia kweli, hii Linux imenichosha. Jana nilitafuta barua niliyomwandikia mwenye nyumba ya mshonaji kuhusu kutetemeka kwa ukuta, nikaikuta ndani ya folda ambayo sikuitengeneza, ikiwa na jina ambalo sikuipa. Mshale wa kipanya unapotea kila nikipiga chafya. Na juu kabisa ya skrini kuna alama inayonikumbusha kwamba sina mtandao, kana kwamba nimesahau. Windows ilikuwa na dharau, lakini tulikuwa tumezoeana.

Kuhusu folda. Nimeifungua. Faili zote zimo, na majina na tarehe nilizoziandika mwenyewe. Nikibonyeza, ule mstari wa chini unatembea toka kushoto hadi kulia, unafika mwisho, basi. Hazitoi sauti. Bila shaka ni Linux yako. Windows haikuwahi kunifanyia hivi.

Labda ungesubiri kidogo. Hakuna haraka. Kilichokaa muda wote huo kinaweza kukaa zaidi.

Mjomba wako


Tarehe 11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa safari za chooni. Huku mvua, nguo hazikauki, mtoto ana mafua na mluzi umeziba.

Usihangaike, kukosa sauti ni tatizo dogo. Linux mara nyingi huja bila programu za kusomea aina fulani za faili. Pamoja na barua hii nimekutumia kifurushi. Fuata hivi, taratibu, na usiruke.

Kwanza, tazama kona ya skrini, kuna picha ya spika. Ikiwa imechorwa mstari wa kukata, ibonyeze, mstari utatoka. Kisha chomeka flashi mpya. Ndani yake kuna folda ya programu. Ifungue, bonyeza ya kwanza, itakuomba neno la siri. Ipe, Mjomba, usibishane nayo. Ikimaliza, kuna wimbo nimeuweka humo kwa majaribio. Upige. Wimbo ukisikika, spika ni nzima. Kisha fungua faili ya Mama.

Na kitu kizuri zaidi: kwenye kile kiboksi cheupe kuna modemu mpya, Linux inaijua vizuri kabisa. Ukishaichomeka tu, nitaweza kuingia kwenye kompyuta yako nikiwa hapa hapa mezani kwangu, niangalie zile faili mwenyewe. Hutahitaji kufanya chochote. Utakaa unaangalia mshale unatembea peke yake.

Ichomeke leo, Mjomba. Naamka usiku kuangalia kama umeingia mtandaoni.

Mpwa wako


Tarehe 6 Mei

Mpwa wangu,

Kifurushi kimefika kikiwa kimepondwa kona moja, vilivyomo vizima. Ahsante kwa soksi. Binamu yako amerudi kuchukua kofia, akaondoka bila begi.

Nimefuata maelekezo yako yote bila kuruka. Alama ya spika haikuwa na mstari. Programu nimeziweka, neno la siri nimelitoa mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza vidole vilitetemeka, na mara zote mbili ikaniambia “jaribu tena” kwa ile adabu yake inayokera. Kisha nikapiga wimbo wako. Ulikuwa haujafika nusu, muuguzi akaingia amejiziba masikio kwa viganja, mdomo wazi, na mshonaji akaja dirishani na mkasi mkononi. Walinizimia wao. Kwa hiyo spika zinafanya kazi, kwa ushahidi wa watu wawili wasiopendana.

Za mama yako bado hazitoi sauti.

Modemu sijaichomeka. Usinielewe vibaya. Mimi ni mtu wa kizamani, mgeni kwangu hupiga hodi mlangoni nikamfungulia, haingii kwa kupitia waya akaanza kupekua makabati yangu huku mimi nimekaa natazama. Hata kama mgeni mwenyewe ni wewe. Nitaichomeka nikiwa tayari.

Nimekuwa nikifikiri. Vitu vya namna hii huharibika, mpwa wangu. Nilivihamisha huku nikavirudisha kule, huenda njiani vikafa. Mashine ni mashine. Mama yako alikupenda, hilo halihitaji faili. Mwambie mtoto kwamba bibi yake alikuwa na sauti nzuri, inatosha.

Mjomba wako


Tarehe 28 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima.

Haitoshi. Samahani, lakini haitoshi, na sikutegemea neno hilo kutoka kwako.

Faili haifi njiani, Mjomba. Ama ipo, ama haipo. Wimbo ukisikika na Mama asisikike, Linux haina kosa na naomba uiache. Na hata faili ikiwa imeharibika, mimi ndiye fundi wake! Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Watu huniletea diski zilizoanguka, zilizoungua, zilizofutwa kwa makusudi, nami natoa kilichomo. Nimemrudishia daktari mmoja picha za harusi yake baada ya mkewe kuzifuta kwa hasira. Utanishindaje na folda moja? Itie ile diski ya nje kwenye kitambaa, uitie kwenye boksi, uitume. Basi.

Kuna kitu hunielezi.

Jumanne nilimpigia muuguzi, nikamwomba akupe simu yake. Alikuwekea sikioni. Nilikuuliza siku hizi nani anakupikia. Ukanijibu, “Ndiyo, ndiyo, nimekuelewa,” ukamrudishia simu yake. Nikabaki nimeishika yangu kama mpumbavu. Nimekukosea nini hata swali la chakula hunijibu? Au sasa mimi ni wa kunyamazishwa?

Mpwa wako


Tarehe 2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Diski haijafika na barua haijafika. Muuguzi anasema unakula kidogo na kwamba kompyuta umeifunika shuka.

Vibali vyangu vimetoka. Nimechukua likizo, tiketi ninayo, nitafika katikati ya Septemba na mtoto. Nitakaa mbele ya hiyo kompyuta mwenyewe mpaka Mama aseme. Sina ugomvi na wewe. Naomba tu usiiguse tena.

Mpwa wako


Tarehe 9 Agosti

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Nimefurahi kwa ajili ya vibali. Nimewaambia wote, hata mshonaji, naye ameahidi kumshonea mtoto gauni bila kuombwa. Kuhusu mimi, daktari amekuja nyumbani, jambo ambalo madaktari hawalifanyi bila sababu. Alimwandikia muuguzi kitu kwenye karatasi, nami nikakisoma kikiwa kichwa chini, ujuzi niliojifunza mahakamani. Septemba iko mbali kwangu kuliko ilivyo kwako. Ndiyo maana naandika leo, kipande asubuhi, kipande baada ya kulala.

Kwanza naifutia Linux mashitaka yote. Haikupoteza kitu, haikuharibu kitu. Kosa lake moja tu, ni kwamba ilinionyesha.

Barua yako ya Februari iliponifikia nilikwenda moja kwa moja kuzifungua zile faili. Katika Windows kulikuwa na ule mstari unaotembea tu, nami niliuamini. Lakini Linux ilizifungulia kwenye programu inayoichora sauti, mtu akinena panapanda vilima, akinyamaza panalala. Nilifungua ya kwanza. Mstari mmoja ulionyooka kama uzi uliovutwa, toka mwanzo hadi mwisho. Ya pili hivyo hivyo. Nilizifungua zote, mpwa wangu. Hakuna hata kilima.

Nikapiga magoti, na kwa hali ya miguu yangu unajua maana yake, nikaangalia nyuma ya mashine. Maikrofoni ilikuwa bado imechomekwa pale nilipoiacha siku ile mama yako alipochoka kukaa. Kwenye tundu la kijani. Ni tundu la kutolea sauti, ya kuingizia ni lile la waridi. Alasiri zote zile nilikuwa nimerekodi ukimya.

Diski haikufika kwa sababu hiyo. Modemu yako iko ndani ya kiboksi chake cheupe, chini ya kitanda. Nilijua ukiingia utauona ule mstari, na nilitaka ulaumu kompyuta. Lakini kila nilipoitupia lawama, ulikuja na dawa. Umenichosha kwa ufundi wako. Sijawahi kukutana na shahidi mgumu kama wewe, na nakusifu huku nimekasirika.

Ningeweza kuishia hapa. Mzee kachanganya matundu, basi, utalia na utanisamehe. Nimeiandika barua hiyo mara mbili na nimeichana mara mbili, maana si kweli yote.

Ulinieleza tundu lipi. Ulinipigia simu wiki ile mama yako alipohamia kwangu, ukanieleza kwa kirefu, nakumbuka simu ilipata joto sikioni. Nami nilikujibu nini? “Ndiyo, ndiyo, nimekuelewa.” Kama nilivyokujibu juzi kwa simu ya muuguzi. Sikujua umeniuliza habari za chakula mpaka nilipoisoma barua yako.

Mimi ni kiziwi. Si kiziwi wa uzee anayehitaji kupazwa sauti kidogo. Wimbo wako ulioleta mkasi dirishani mimi niliutazama tu. Ilianza sikio la kushoto, likafuata la kulia, na hali hiyo ndiyo iliyonitoa mahakamani, si moyo kama nilivyowaambia. Moyo ulikuja baadaye kunisaidia kudanganya. Nilijifunza kusoma midomo, kutikisa kichwa mahali panapostahili, kukunja uso watu wakikunja. Hakimu ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza, nitawaambiaje watu? Mama yako sikumwambia. Alikuwa amekuja kwangu kufa, sikutaka ahisi amekuja kwa mtu mwenye upungufu. Na tangu tukiwa wadogo mimi ndiye niliyekuwa nikimjibia.

Alipokuwa akizungumza nawe, aligeuka kuielekea maikrofoni. Alitaka ikusikie vizuri. Mimi nilikaa pembeni yake, nikiliona shavu lake na ule ushungi wa bluu. Mdomo sikuuona. Bega likitikisika nilijua anacheka, nikacheka. Akifuta macho, nikainamisha kichwa. Wakati mwingine alitulia kama anayesubiri umjibu, kisha akaendelea. Saa nzima, saa mbili, mpaka muuguzi wake wa wakati ule aje kumlaza.

Siku moja aliacha kuzungumza nawe akanigeukia mimi. Akanishika kifundo cha mkono. Akaniuliza kitu. Midomo yake ilikuwa imeshakauka, inasogea kidogo tu, sikuweza kusoma kitu. Akauliza tena. Ningeweza kumwambia, dada yangu, sisikii, niandikie. Kalamu ilikuwa pale mezani. Nikamwambia, “Ndiyo. Nimekuelewa.” Akaniachia mkono, uso ukamlegea kama mtu aliyetua mzigo, akafumba macho. Sijui nilikubali nini.

Utakapokuja, mtoto akikaa mbele ya hiyo kompyuta usimzuie, mwonyeshe ule mstari ukitaka. Neno la siri ni jina lako. Lakini usiitafute sauti humo, wala kwenye diski, wala usije kitandani kwangu, ukinikuta, kuniuliza mama yako alikuambia nini. Siku zote zile chumbani tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na mimi sikusikia hata neno moja.